Kegi kuwa sufuria ya bia: kazi yote iko upande wa ndani wa mshono

Kegi ya stenlesi ya lita 50, yaani lile pipa la chuma la kubebea bia, ni chombo kigumu kuliko sufuria nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kupikia bia nyumbani. Ukuta wake una unene wa takribani milimita 1.5, una mikono yake juu na kitako chake chini. Ukiikata juu na kuchomelea soketi ya nusu inchi (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi ndani) ubavuni ili ishike koki, umepata sufuria ya kudumu miaka na miaka. Kukata kunataka uangalifu, kutoboa kunataka subira. Kazi yenyewe iko kwenye mshono unaoizunguka ile soketi, usiozidi sana sentimita 9 kwa urefu, na hasa upande wake wa ndani, ambao mchomeleaji hauoni wakati moto unawaka.

Kegi iwe yako kihalali. Amana unayolipa unapochukua bia ya kegi si bei ya kegi. Chombo kinabaki mali ya kiwanda, na jina la kiwanda kwa kawaida limegongwa kwenye pete ya juu. Tafuta zile ambazo kiwanda chenyewe kimeziuza baada ya kuziondoa kazini, au nunua mpya. Kisha hakikisha kwamba ni stenlesi kweli. Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu stenlesi ya daraja la 304 haivutwi na sumaku, na alumini nayo haivutwi. Pitisha tupa mahali pasipoonekana: alumini ni laini, tupa huila papo hapo, wakati stenlesi hukataa. Kegi iliyovikwa mpira au plastiki nje iache, maana kifuniko hicho hakitavumilia jiko.

Kabla ya chombo chochote cha kukatia kuguswa, toa mgandamizo. Hapa watu wameumia vibaya. Ndani ya shingo kuna valvu yenye mrija mrefu unaoshuka hadi karibu na kitako, na kegi inayoonekana tupu bado inaweza kuwa na gesi ya kutosha kuurusha mrija huo usoni kwa mtu. Simamisha kegi, funika shingo kwa kitambaa kizito, geuza uso pembeni, kisha bonyeza valvu kwa bisibisi hadi mlio wa gesi uishe kabisa. Bonyeza tena baada ya dakika chache. Ndipo utoe pete ya chuma inayoishikilia valvu, au uifungue kama ni ya kuzungusha. Nyingine zina kizuizi cha usalama kinachonasa mrija ukiwa nusu nje. Usikilazimishe mpaka uwe na uhakika kwamba hakuna gesi iliyobaki. Mrija ukitoka, suuza ndani kwa maji ya moto, na tangu hapo shingo ibaki wazi. Chombo kilichozibwa hakichomelewi kamwe.

Tundu la juu lenye kipenyo cha sentimita 30 linafaa. Linaacha ukingo wa sentimita chache unaoipa kegi uimara, mikono inabaki, na mfuniko wa sufuria ya kawaida unakaa juu yake. Chora duara kwa kupima sentimita 15 kutoka katikati ya shingo, ukitumia kipande cha mbao kilichokazwa kwenye shingo kama mhimili. Tumia grainda ndogo na diski ya kukatia ya milimita 1 iliyoandikwa kwamba ni ya stenlesi, mpya, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida. Mzunguko wa kwanza uwe wa kuchora mfereji tu. Wa pili au wa tatu ndio utoboe. Acha madaraja manne madogo, kila moja sentimita 1, uyakate mwisho, ili kipande cha katikati kisianguke na kuibana diski. Ukingo uliokatwa ni wembe. Upitie kwa diski ya msasa namba 80, kisha 120, juu na chini, mpaka kitambaa kikipitishwa juu yake kisinase.

Suala la diski kugusa chuma cha kawaida si udhaifu wa fundi anayependa usafi kupita kiasi. Stenlesi hailiwi na kutu kwa sababu ya utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu ulio juu yake. Punje za chuma zilizobaki kwenye diski, brashi au tupa hujipachika kwenye utando huo, zinashika kutu, na baada ya upikaji wa kwanza unaona madoa ya rangi ya chai karibu na mshono. Watu hulaumu kegi au waya wa kuchomelea, kumbe ni brashi iliyokuwa imetumika kusugulia geti.

Mahali pa soketi pachaguliwe kwa kushika soketi yenyewe ukutani. Kitako cha kegi kimejipinda kuelekea katikati, na ukitoboa kwenye mpindo, soketi itatazama chini na koki itagonga pete ya kitako. Panda hadi ukuta unaposimama wima, kisha ongeza kidogo ili mshono usiangukie kwenye mpindo wala karibu na mshono wa kiwandani unaoshika pete ya chini. Funga koki kwenye soketi kabla ya kutoboa, uzungushe mkono wake ukifungua na kufunga, uone kama unapita. Iweke pia chini ya sehemu ya pete ya juu isiyo na mkono, ili ukishika mikono miwili koki iwe mbele yako, si chini ya kiganja. Tundu la kipimajoto, kama unalitaka, liwe juu zaidi, lakini chini ya kimo cha maji ya kimea, yaani yale yatakayokuwa bia, kwa upikaji wako mdogo kuliko wote.

Stenlesi hukomaa inaposuguliwa. Biti ikizunguka kasi bila kukata, joto linapanda, uso unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa, na biti ya pili haipiti tena. Anza na tundu la milimita 4, halafu biti ya ngazi au msumeno wa duara, mafuta ya kukatia mengi, mkandamizo wa kudumu. Kwa tundu la milimita 28, mizunguko 150 kwa dakika inatosha. Unachotafuta ni ukanda wa chuma unaotoka mfululizo. Ukiona vumbi na moshi, simama, ongeza mafuta, noa biti. Pima soketi kwa kalipa kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa soketi za nusu inchi hazilingani kwa kipenyo cha nje kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Tundu sahihi ni lile ambalo soketi inaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira. Mwanya ukizidi nusu milimita, mchomeleaji atalazimika kuujaza kwa waya, na ukuta mwembamba utayeyuka na kurudi nyuma kabla soketi nene haijaiva.

Soketi nzima ni bora kuliko nusu soketi. Ina nyuzi pande zote mbili: nje unafunga koki, ndani unafunga mrija wa kunyonyea. Iwe ya 304 au 316, ya aina nyepesi, si zile nzito za mabomba ya mgandamizo mkubwa ambazo zinadai joto jingi. Angalia pia aina ya nyuzi. NPT na BSP, mifumo miwili ya nyuzi za mabomba, kwa nusu inchi zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kushikana vizuri na kumdanganya fundi, lakini pembe zake ni tofauti, digrii 60 kwa NPT na digrii 55 kwa BSP, na vipenyo navyo havilingani. Zitavuja, hata ukizungusha tepu nusu roli. Chagua mfumo mmoja kwa vifaa vyote kuanzia siku ya kwanza.

Sasa kuchomelea. Njia ninayoipendekeza ni TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni huku gesi ya argoni ikikinga chuma kisiguswe na hewa: umeme wa moja kwa moja, tochi upande wa hasi. Tungsteni ya milimita 1.6 iliyonolewa kuwa na ncha, argoni safi lita 8 hadi 10 kwa dakika, waya wa ER308L wa milimita 1.6 au mwembamba zaidi. Ile L inamaanisha kaboni kidogo, na ndiyo inayozuia kromiamu isifungwe na kaboni pembeni mwa mshono na kuacha ukanda unaoshika kutu. Mkondo uwe kati ya ampea 40 na 60. Mashine ya MIG, inayosukuma waya yenyewe, ikiwa na waya wa stenlesi inaweza kushikisha soketi, ila upande wa ndani unabaki na uvimbe na chembe zilizoruka. Waya wa chuma cha kawaida usikubali hata kama fundi anasema utapakwa rangi.

Safisha kwa asetoni, acha ikauke kabisa. Visafishio vya breki vyenye klorini visikaribie kazi hii: mvuke wake ukikutana na mwanga na joto la tochi hutoa fosjeni, gesi inayoua. Moshi wa stenlesi nao una kromiamu ya aina hatari kwa mapafu, kwa hiyo feni ivute moshi mbali na uso, na barakoa iwe ya moshi wa kuchomelea, si ya kitambaa.

Upande wa ndani ndio unaohitaji maandalizi kuliko yote. Chuma cha pale kinaiva hadi kuyeyuka, na kama kinakutana na hewa kinageuka kuwa ganda jeusi la chembechembe, mfano wa sukari iliyoungua. Ganda hilo lina vitundu visivyohesabika. Wengine husema si kitu, kwa kuwa kila kitu kinachemshwa. Lakini fuata njia ya maji ya kimea: yanachemka, yanapozwa, kisha yanatoka kupitia soketi hiyohiyo, yakiwa yamepoa na yakiwa tayari kupokea hamira. Mshono huo ni miongoni mwa vitu vya mwisho vinavyoguswa, na mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na protini yaliyojificha humo hayatoki kwa brashi. Zaidi ya hayo, chuma kilichoungua kimepoteza kromiamu yake, kwa hiyo kutu huanzia hapo.

Dawa yake ni argoni upande wa ndani pia. Kuijaza kegi yote ni hasara: unahitaji kubadilisha hewa mara kadhaa, na mara 5 tu kwa lita 50 ni lita 250 za gesi, yaani dakika 50 kwa kasi ya lita 5 kwa dakika. Tengeneza kisanduku kidogo. Kopo safi lisilo na rangi, la lita 1 au pungufu, mdomo wake ukatwe kufuata mviringo wa ukuta, libandikwe kwa tepu ya foili ya alumini juu ya tundu kwa ndani. Ingiza bomba la argoni chini ya kopo, acha tundu dogo la kutolea hewa juu, maana argoni ni nzito kuliko hewa na itaisukuma hewa kwenda juu. Ziba mdomo wa soketi upande wa nje, na ufunike mwanya unaozunguka soketi kwa foili unayoibandua kidogo kidogo mbele ya tochi. Kwa lita 5 kwa dakika, subiri dakika 2 kabla ya kuwasha. Ukiona dimbwi la chuma linasukumwa nje na kutengeneza kipovu, gesi ya ndani imezidi. Punguza hadi lita 3. Gesi hiyo iendelee mpaka mshono upoe, isifungwe tochi inapozimwa.

Soketi ichomoze ndani milimita 2 hadi 3 tu. Kabla ya moto, funga ndani yake plagi ya shaba au alumini. Inanyonya joto, inazuia nyuzi zisipinde, na hutoka baadaye bila kung'ang'ania. Stenlesi ndani ya stenlesi hujishika yenyewe inapopata joto, na hutaifungua tena. Weka vishikizo vinne vidogo, juu, chini, kulia, kushoto, hakiki kwa kipimapembe kama soketi imesimama sawa na ukuta, kisha choma robo moja, hamia robo inayoitazama, pumzika, rudi. Elekeza tochi zaidi kwenye soketi, kwa kuwa ndiyo nene. Iache iive, dimbwi liutambae ukuta. Anayeanza kwenye ukuta hutoboa ukuta. Mwishoni mwa kila kipande punguza mkondo taratibu kwa sekunde 2 au 3, vinginevyo shimo dogo linalobaki katikati ya dimbwi hupasuka, kisha shikilia tochi palepale hadi argoni iache kutoka.

Rangi itakuambia kilichotokea. Fedha na njano ya majani makavu ni nzuri, nje na ndani. Bluu ni onyo la joto jingi. Kijivu kisichong'aa au cheusi kinaonyesha kwamba gesi haikutosha, na ndani kikiwa na chembechembe, kisugue chote mpaka ufike kwenye chuma kizima, hata kama hilo linamaanisha kuchomelea upya. Usichomelee upande wa pili juu ya uchafu ili kuuficha. Unazika mfuko ambao hakuna kisafishio kitakachoufikia.

Kama huna TIG, peleka kegi kwa fundi anayetengeneza vyombo vya maziwa au vya jikoni, ambaye stenlesi ni kazi yake ya kila siku. Ipeleke ikiwa imekatwa, imetobolewa, imesafishwa, soketi ikiwa mkononi. Muulize swali moja: argoni ya ndani ataiwekaje? Jibu lake litakutosha kujua kama umwachie au uondoke nayo.

Baada ya kuchomelea, ondoa rangi ya joto kwa brashi mpya ya stenlesi au pedi ya kusugulia isiyo na chuma. Ipo pasta ya asidi inayofanya kazi hiyo haraka, lakini ina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru hadi mifupa. Kwa mshono mmoja mdogo sioni sababu ya kuileta nyumbani. Kisha asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita 1 ya maji, katika nyuzi joto 60, iguse mshono kwa dakika 30, suuza sana, kausha. Asidi hii haiondoi rangi ya joto. Inaondoa punje za chuma na kuupa utando wa kromiamu nafasi ya kujijenga upya. Baadaye, katika usafi wa kawaida, tumia sodiamu pakaboneti na usitumie dawa ya klorini, kwa sababu klorini iliyoachwa kwenye stenlesi huitoboa vijitundu.

Kujaribu kama inavuja kufanyike kwa utaratibu, maana nyuzi na mshono huvuja kwa namna inayofanana. Ziba soketi kwa plagi na tepu. Paka chaki nje kuuzunguka mshono, iache ikauke, jaza maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo hadi juu ya soketi, acha usiku kucha. Chaki ikigeuka rangi mahali padogo kwenye mshono, ni tundu la sindano. Ikilowa kutoka kwenye mdomo wa soketi kwenda nje, ni nyuzi. Tundu la sindano halizibwi kwa kupitisha moto juu yake. Maji yaliyonaswa ndani huchemka na kurusha chuma kilichoyeyuka, na unabaki na matundu mawili. Lichimbe, likaushe, lisafishe, weka tena argoni ya ndani, choma.

Koki iwe ya vipande vitatu, inayofunguka kwa boliti. Koki ya kipande kimoja huficha maji ya kimea nyuma ya tufe linalozunguka ndani yake, na huwezi kuyatoa. Zungusha tepu ya PTFE, ile nyeupe ya mafundi bomba, mara 4 au 5 ukifuata mwelekeo wa nyuzi, ongeza pasta ya nyuzi inayokubalika kwa vyakula, kwa sababu stenlesi kwa stenlesi hung'ang'ana hata ikiwa baridi.

Wapo wanaochagua kufunga kiungo bila kuchomelea, kwa pete za silikoni na nati. Kinafanya kazi, na kwa anayehama hama au anayejaribu ni uamuzi wa busara, ila pete inachoka na lazima ifunguliwe kusafishwa kila mara. Kulehemu kwa aloi ya bati na fedha, pamoja na dawa ya asidi ya stenlesi, nako kunashika vizuri na hakuhitaji argoni. Aloi hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 221. Maji ya kimea hayafiki hapo, lakini ndimi za moto zinazopanda ubavuni kwenye sufuria iliyokauka zinafika. Hakikisha aloi haina risasi wala kadimiamu.

Ukitaka kuchemsha kwa umeme, chomelea kola ya klampu (pete inayoshikwa kwa klampu badala ya nyuzi) ya inchi 1.5 au 2 badala ya soketi, kwa utaratibu uleule wa argoni. Elementi ya wati 5500 kwa volti 240 huvuta takribani ampea 23, kwa hiyo iwe na saketi yake, swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30, na waya wa ardhi uliofungwa kwa boliti kwenye mwili wa kegi wenyewe. Elementi isiwashwe kabla haijazama kabisa.

Mrija wa kunyonyea ufungwe ndani ya soketi kwa kiungo cha kubana, upinde kuelekea katikati ya kitako, na mdomo wake ubaki milimita 5 hadi 10 juu ya chuma. Ukishuka zaidi unaziba kwa hopsi, ukipanda zaidi unaacha lita nzima ya bia chini. Kiungo chake lazima kisipitishe hewa. Soketi iko juu ya kitako, kwa hiyo maji yaliyo chini yake hutoka kwa kunyonywa tu, na hewa ikiingia hata kidogo mnyonyo unakatika maji yakifika kwenye kimo cha soketi. Pika maji matupu lita 40 kwa saa nzima kabla ya kimea cha kwanza, ukiacha nafasi ya povu kama utakavyoiacha siku ya bia, kisha fungua koki bila kuinamisha kegi na upime kilichobaki chini. Kiandike kipimo hicho ubavuni, maana ndicho utakachoongeza kwenye kila hesabu ya maji. Na usiibebe ikiwa imejaa: lita 40 za maji ya moto pamoja na chuma chenyewe ni takribani kilo 50. Panga jiko na pampu, au tofauti ya kimo, ili maji ndiyo yahame.